Ujumbe wa Jokofu Haukufika

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja ofisini bila kupiga simu, na hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi. Katika miaka kumi na minne ya ndoa, wifi hakuwahi kukanyaga pale. Sasa alisimama mlangoni mwa chumba cha seva, sare ya unesi mwilini, bahasha ya kaki kwapani, akizitazama mashine kama mtu anayepima kama mbwa wa watu amefungwa au la.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo. Ingia au toka, wifi, baridi inakwisha."

Wifi akaingia. Kiti kilikuwepo, hakukaa. Alitoa karatasi mbili kwenye bahasha akaziweka mezani, kando ya kikombe cha chai.

"Nimeitwa kwenye kamati Ijumaa. Soma."

Ya kwanza ilikuwa barua ya wito. Jokofu la chanjo la zahanati yake lilikufa wiki tatu zilizopita baada ya umeme kukatika. Chanjo dozi mia tatu na ushee ziliharibika. Kanuni inasema nesi msimamizi atoe taarifa siku ile ile kwenye jukwaa la majokofu la mtandaoni, naye hakutoa. Afike aeleze kwa nini asifukuzwe kazi na leseni yake isifutwe.

"Nilitoa taarifa," wifi alisema. "Mara mbili. Jumanne asubuhi, na Alhamisi asubuhi umeme ulipokatika tena. Kamati wanasema hakuna kitu. Basi nimekuja kwa mwenye mashine aniambie ujumbe wangu ameupeleka wapi."

Hakusema umepotelea wapi. Alisema ameupeleka wapi. Mwenye mashine akalisikia hilo, akalimeza.

Kazini walimwita Mama Seva, na alikuwa ameshazoea kuitikia. Alikuwa na stashahada ya kompyuta, watoto watatu, na zahanati arobaini na mbili chini yake. Zahanati nyingi zilipata mtandao nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwa hiyo kila moja ilikuwa na kompyuta yenye seva yake ndogo. Nesi aliandika ujumbe wake kwenye jukwaa, liwe la majokofu, la uzazi au la dawa, nao ukakaa palepale ukisubiri. Mtandao ukija, seva ile iliongea na majirani zake wawili, kama akina mama wanavyoongea juu ya ukuta wa uani. Nina ujumbe namba fulani, unao? Sina, lete. Ikaleta. Aliyepokea naye akamgeukia wa upande wa pili: nina ujumbe namba fulani, unao? Ninao, nimeshaupata kwa mwenzako. Akaachana nao. Kila ujumbe ulikuwa na namba yake isiyofanana na nyingine yoyote, na namba hiyo ndiyo iliyozuia seva kuambiana jambo moja mara mia. Hapakuwa na seva kuu yenye kumiliki yote. Kila moja iliweka nakala yake.

Ndiyo maana maneno ya wifi hayakumwingia. Ujumbe unaweza kupotea kwa mmoja. Kupotea kwa wote, mara mbili, si bure.

"Na hii karatasi ya pili?"

"Nakala yangu. Imebaki kwenye kabrasha la zilizotumwa, nikaichapa."

Mama Seva akaisoma. Jokofu limezima tangu usiku, nyuzi kumi na sita, naomba maelekezo, naomba fundi. Maneno mafupi, ya mtu mwenye haraka. Juu yake kulikuwa na namba ya ujumbe, ndefu kama mkia, ikiishia na jina la zahanati. Na juu ya namba, tarehe. Tarehe mosi Januari, miaka kumi na miwili nyuma.

"Wifi. Hii tarehe."

"Najua. Nao wameiona. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani."

"Mwaka huo zahanati yako ilikuwa kichaka."

"Na mimi nilikuwa chuoni. Najua, nimesema."

"Sasa?"

"Sasa wewe ndiye uliyesomea haya mambo. Mimi nilisomea sindano."

Akakusanya bahasha yake, karatasi akaziacha. Alipofika mlangoni akageuka. "Kama kuna mtu ameufuta, wifi, mwambie nina watoto wawili nawalea peke yangu."

Mlango ukafungwa. Mama Seva akabaki na chai iliyopoa. Kwanza aliona hasira, halafu aliona jambo lililomfurahisha kidogo, na hakujipenda kwa hilo. Amedanganya. Amekaa siku kadhaa kimya, chanjo zimeharibika, sasa ametunga ujumbe wa kujiokoa, na hata kutunga hajui, ameshindwa kuweka tarehe inayoeleweka. Si alishawahi kuapa mbele ya familia nzima kwamba cherehani ya mama yake imeibwa, kumbe kamwazima shoga yake? Mtu wa cherehani ni mtu wa cherehani.

Hata hivyo alitafuta. Alitafuta namba ile kwenye seva yake, haikuwepo. Alitafuta jina la zahanati kwenye jukwaa la majokofu kwa wiki ile yote, akakuta ujumbe wa Jumatano jioni wa kuuliza ratiba ya mafunzo, basi. Jumanne hakuna. Alhamisi hakuna. Akazima kompyuta akaenda nyumbani.

Habari zilikuwa zimemtangulia. Mama mkwe alikaa sebuleni, mikono mapajani, runinga imezimwa. Runinga kuzimwa saa ya taarifa ya habari ilikuwa dalili mbaya.

"Mwenzio amekuja kwako leo," mama mkwe alisema.

"Amekuja, mama."

"Umemsaidia?"

"Natafuta."

"Unatafuta nini, na mashine ni yako? Mtu hupoteza kitu nyumbani kwake mwenyewe?"

"Mama, mashine si kabati."

"Sijasema kabati." Mama mkwe alinyanyuka taratibu. "Nasema tu. Mwaka juzi alikuomba umwombee kwa bosi wako ahamishiwe mjini, ukasema hujui kuombea watu. Sawa, hujui. Sasa ujumbe wake umeingia kwako, haukutoka. Watu wana macho."

Mume alikuwa mezani akimsimamia mtoto wa mwisho kwenye hesabu za kugawanya. Alijitia hamnazo mpaka mama yake alipoingia chumbani.

"Na wewe unaonaje?" Mama Seva akamuuliza.

"Mimi msinitie."

"Umeshatiwa. Unaonaje?"

Akasugua shingo. "Hukuufuta?"

Alimtazama mwanamume aliyezaa naye watoto watatu, akaona kwamba anauliza kweli. "Kumi na saba gawanya kwa tatu inabaki ngapi?" akamwambia mtoto, maana alihitaji kusema kitu kisichokuwa kile alichotaka kusema.

Lakini swali la mume lilimfanyia kazi. Kama yeye anaweza kushukiwa kufuta, basi kufuta kunawezekana, na mtu mwingine pia anaweza. Seva hizi zina udhaifu wake. Mtu akituma ujumbe akajuta, anaweza kutuma mwingine nyuma yake wenye amri: futeni namba fulani. Seva zinatii. Na zile za zamani, kama zao, hazikuwa hodari wa kuuliza kama anayeamuru ndiye aliyeandika. Mwenye nia mbaya na ujuzi kidogo angeweza kufuta ujumbe wa mwenzake kwenye zahanati zote arobaini na mbili kwa siku moja.

Nani alikuwa na nia? Usiku ule, akikunja nguo, alijibu mwenyewe. Fundi wa majokofu. Jokofu lile lilitakiwa kukaguliwa mwezi mmoja kabla halijafa, na yeye ndiye mkaguzi. Ikionekana nesi alilia na fundi hakuja, kitumbua cha fundi kinaingia mchanga. Ikionekana nesi hakulia, fundi yuko salama. Kuna mkono wa mtu hapa, aliwaza, na mkono wenyewe una grisi.

Asubuhi yake akapekua amri zote za kufuta za mwezi mzima. Zilikuwa nne. Mbili za daktari mmoja aliyerekebisha tahajia zake, moja ya mkunga aliyetuma picha kwenye jukwaa lisilo lake, na moja ya Mama Seva mwenyewe. Ya zahanati ya wifi haikuwepo hata moja. Hilo lingetosha kumsafisha fundi, lakini Mama Seva hakuwa na moyo wa kusafisha watu upesi. Alikwenda kwenye karakana.

Fundi alikuwa amelala chali chini ya jokofu lililofunguliwa mgongo, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mama Seva," miguu ikasema. "Nimekutambua kwa viatu."

"Jokofu la wifi yangu ulitakiwa ulikague lini?"

"Kumbe umekuja kama polisi." Akajivuta nje, uso umejaa vumbi. "Mwezi wa nne. Sikulikagua kwa sababu gari lilikuwa gereji. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu kwenye ripoti, kamati wanayo, na wameshaniwashia moto. Umeridhika?"

Hakuwa ameridhika. Mtu anayekiri haraka hivyo ana lake jambo, au hana kabisa. "Na ujumbe wake?"

"Ujumbe gani? Mimi niibe ujumbe? Hata nywila ya simu yangu mwenyewe huniandikia mke wangu." Akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Mimi nilifika pale baada ya wiki. Nesi wako hakunisalimia, akaninyooshea kidole jokofu lilipo. Nikazima umeme wa jengo zima nibadilishe soketi, nikawasha. Ndipo ile kompyuta yao ikaamka na kutangaza mwaka mpya."

"Kutangaza nini?"

"Pale pembeni panapokaa saa. Tarehe mosi Januari. Nikamtania, nikamwambia nesi, umefungua mwaka bila kutualika? Hata hakucheka. Baadaye kidogo nikatazama tena, imerudi tarehe ya kawaida. Kwani vipi?"

Mama Seva alikuwa ameshageuka. Alitembea kwa kasi mpaka mlinzi wa getini akamuuliza kama kuna moto.

Kwenye kompyuta kuna betri ndogo ya duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Kazi yake ni moja: umeme ukikatika, kuifanya mashine ikumbuke saa. Betri ikifa, hakuna anayejua, kwa sababu siku zote umeme wa ukutani unaishikilia saa. Umeme ukikatika ndipo mashine inaamka haijui hata ni mwaka gani, inaanzia siku yake ya kuzaliwa kiwandani. Mtandao ukija inauliza saa, inajirekebisha, inajikausha kama haikusahau kitu. Ukienda kuikagua mchana, iko sawasawa.

Lakini nesi wa zahanati ile hakuandika mchana. Aliandika asubuhi, umeme umerudi, mtandao bado. Aliandika wakati huo hasa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kukatika kuleule kwa umeme kulikoua jokofu ndiko kulikouvalisha ujumbe wake tarehe ya miaka kumi na miwili nyuma.

Na kila seva ilikuwa na kanuni moja ya zamani, iliyowekwa kwa nia njema kabisa: ujumbe ukija na tarehe iliyopita siku kumi, ukatae. Usipokataa, kuna siku seva fulani iliyolala itaamka na kumwaga habari za mwaka juzi, nazo zitazunguka upya kama mpya, kwa kuwa namba zake zimeshasahaulika. Hata seva ya zahanati yenyewe, ikishapata saa sahihi, ingeukuta ujumbe una umri wa miaka kumi na miwili na kuutupa na takataka za siku.

Alikaa, akafungua daftari la mashine, lile ambalo seva huliandika yenyewe kwa mistari midogo, ikisema imepokea nini na imekataa nini. Akaweka karatasi ya wifi kando, akaandika namba.

Jumanne, saa moja na dakika nne asubuhi. Namba ileile. Imekataliwa: imepitwa na wakati.

Akatafuta Alhamisi. Zahanati ileile. Imekataliwa: imepitwa na wakati.

Mtu wa cherehani alikuwa amesema kweli. Na angekuwa mwongo angeweka tarehe ya Jumanne, si ya mwaka ambao zahanati ilikuwa kichaka. Mwongo gani anaghushi kitu kisichoaminika? Hilo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na yeye, mwenye stashahada, alilipita kwa sababu lilimfaa.

Kisha akaona jambo jingine. Daftari lile huwa halisubiri mtu alifungue. Kila asubuhi saa mbili seva humtumia mtunzaji barua pepe yenye orodha ya vilivyokataliwa. Barua hiyo hakuwa ameiona kwa muda gani? Alijua kwa muda gani. Miaka mitatu. Wakati ule matangazo ya dawa za kunenepesha na kupunguza yalikuwa yakimiminika kwenye seva, orodha ikawa kurasa ishirini kwa siku, naye akaiwekea sheria kwenye sanduku lake la barua: ikifika, iende moja kwa moja kwenye takataka. Mafuriko yalikwisha baada ya miezi miwili. Sheria ilibaki.

Akafungua takataka. Barua ya Jumanne ile ilikuwapo, haijafunguliwa, mstari mmoja tu ndani. Angeisoma kwa nusu dakika, angepiga simu zahanati, fundi angefika mchana.

Akarudi kwenye daftari na kuhesabu tena, safari hii zahanati zote, miezi minne yote ambayo mashine ilikuwa bado inaitunza. Zilizopitwa na wakati: kumi na moja. Mbili za wifi. Tisa za watu wengine, kutoka zahanati sita. Maneno yenyewe hayakuwapo, seva haihifadhi ilichokikataa. Namba tu, saa, na jina la zahanati.

Mkuu wa idara alisikiliza yote akiwa amesimama, mlango umefungwa. Alikuwa mtu wa tai safi na sauti ya chini.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Ijumaa peleka ule mstari wa Jumanne na wa Alhamisi. Nesi ataokoka, utakuwa umemsaidia ndugu yako. Ya sheria ya barua, acha."

"Watauliza kwa nini hakuna aliyeona."

"Waambie ni mfumo."

"Mfumo ni mimi."

"Usiwe mgumu. Na hizo tisa nyingine, usizitaje. Hujui hata zilisema nini. Labda watu walikuwa wanasalimiana."

"Labda."

"Nakulinda wewe," alisema, na ndipo Mama Seva alipoanza kumtilia shaka yeye pia. Kila mwaka mkuu wa idara alitia sahihi ripoti iliyosema jumbe zote zinafika. Anayekulinda hivyo, anajificha nyuma yako.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu na feni isiyofanya kazi. Mwenyekiti alikuwa daktari, yule wa miwani. Kulia kwake mama wa utumishi na kalamu yake, kushoto mkuu wa idara. Wifi alikaa mwisho wa meza, mgongo wima. Mama Seva alipoingia na karatasi zake, wifi hakumtazama.

Alieleza betri, saa, kanuni ya siku kumi. Aliwapa daftari. Mwenyekiti akasoma, akavua miwani, akaivaa.

"Na wewe ni nani kwa nesi huyu?"

"Wifi yake."

Mwenyekiti akamgeukia mama wa utumishi. "Kwa hiyo wifi ameleta daftari lake, kutoka kwenye mashine yake, kumtetea wifi yake."

"Ndiyo. Ningekuwa mimi ningetilia shaka vilevile," Mama Seva alisema. "Ndiyo maana sitaki mniamini. Zahanati ile ina majirani wawili. Mmoja ni seva yangu. Wa pili yuko mji mwingine, anatunzwa na mtu wa ofisi nyingine. Ujumbe ulibisha hodi kwangu na ulibisha hodi kwake. Kama nimeghushi daftari langu, sijaghushi la kwake. Namba ya simu yake ipo kwenye orodha ya wizara, piga wewe mwenyewe. Mimi nitanyamaza."

Mwenyekiti akapiga, akaweka sauti ya wazi mezani. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Nani?" ikasema sauti ya mwanamume aliyeshughulishwa.

Mwenyekiti akajitambulisha kwa cheo chote, akasoma namba ya ujumbe tarakimu moja moja.

"Subiri." Zikasikika kelele za vitufe, kikohozi, kiti kikilia. "Ninayo. Jumanne, saa moja na dakika sita. Nimeikataa. Imepitwa na wakati. Mnataka na sababu?"

"Hapana, sababu tunayo. Unamfahamu mtunzaji wa seva ya huku?"

"Yule mama? Sijawahi kumwona. Mwezi uliopita alinipigia kelele kwamba nachelewa kumpokea asubuhi."

"Kwa hiyo mmeelewana sasa?"

"Hatujaelewana. Nachelewa kwa sababu laini yake mbovu. Kuna lingine?"

Halikuwapo. Mwenyekiti akakata simu, akaandika, na Mama Seva akaona mabega ya wifi yakishuka, kidogo sana, kama mtu anayeweka ndoo chini.

Hapo ingeweza kuishia. Mkuu wa idara alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi. Lakini mama wa utumishi alikuwa bado ameshikilia kalamu.

"Nina swali dogo," alisema. "Mashine inaandika kila inachokikataa. Anayepaswa kusoma ni nani?"

Mkuu wa idara akakohoa. "Ni suala la kimfumo, tunalifanyia kazi."

"Nimemuuliza yeye."

Wifi alikuwa amegeuza shingo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anamtazama, macho makavu, anasubiri. Mama Seva alijua anasubiri nini. Anasubiri kuona kama atapiga chenga.

"Mimi," alisema. "Inakuja kwangu kila siku saa mbili. Nilijiwekea sheria iitupe, miaka mitatu sasa, kwa sababu ilikuwa imejaa upuuzi. Upuuzi ukaisha, sikurudi kuangalia. Barua ya Jumanne ilikuwa kwenye takataka yangu. Ningeisoma, chanjo zingine zingeokoka. Na si yake peke yake. Kwa miezi minne kuna nyingine tisa, zahanati sita. Orodha hii hapa. Sijui zilisema nini."

Feni ilikuwa mbovu, lakini mtu angeapa chumba kimepoa. Mkuu wa idara alikuwa anatazama meza. Mama wa utumishi akaandika kwa muda mrefu, akageuza ukurasa, akaandika tena.

Wifi alirudishiwa heshima yake kwa sentensi moja. Mama Seva alipewa barua ya onyo kali hapohapo, na ya pili ikaahidiwa baada ya uchunguzi. Kama atabaki kazini, walisema, itategemea hizo tisa.

Koridoni wifi alimngoja karibu na ubao wa matangazo.

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Wewe ungejua."

"Nisingejua. Ningeshuku tu." Wifi akarekebisha mkoba begani. "Nimekushuku wiki nzima. Nilimwambia mama umeufuta."

"Mimi nilijua umeutunga."

"Mimi? Kwa tarehe ile?"

"Kwa tarehe ile."

Wifi akamtazama hivi, kichwa pembeni, kama anayepima joto la mgonjwa kwa macho. "Kwa hiyo umekuja kuniokoa ukiwa hunipendi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, wifi. Lakini una haraka na hizo karatasi, nenda." Akaondoka bila kupeana mkono. Hatua chache mbele akasimama, akasema bila kugeuka, "Betri ya kifungo ipo duka gani?"

"Nitakuletea mwenyewe."

"Nitanunua mwenyewe. Niambie duka."

Akamwambia duka.

Ofisini alifuta ile sheria kwanza, halafu akaandika majina ya zahanati sita kwenye karatasi, kwa mpangilio wa saa zilizokataliwa. Ya kwanza ilikuwa ya mbali, miezi mitatu na nusu nyuma, siku ya Jumamosi. Simu ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya kuchoka, nyuma yake mtoto anakohoa na mlango unafunguka na kufungwa.

"Zahanati hapa."

Mama Seva akajitambulisha. "Nakupigia kuhusu ujumbe uliouandika kwenye jukwaa la uzazi. Umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa, saa moja kasoro asubuhi."

Kikohozi cha mtoto kikasogea mbali, mlango ukafungwa safari hii ukabaki umefungwa.

"Nakumbuka," mwanamke akasema polepole. "Nilikaa siku nzima nikingoja jibu. Mlikuwa wapi?"

"Haukufika. Ni kosa letu. Ni kosa langu, mimi ndiye ninayetunza. Ujumbe wenyewe sinao, nina saa tu. Naomba uniambie ulikuwa unauliza nini."

"Sasa ndiyo unauliza?"

"Sasa ndiyo nauliza."

Upande wa pili kiti kilivutwa, mtu akakaa. Mama Seva akachukua kalamu.